Kila Wiki Naifumua Kazi ya Mkunga

Mama Mkubwa mpendwa,

Nakuandikia nimesimama, karatasi nimeilaza juu ya meza ya pasi, na naomba unisaidie upesi kwa sababu leo ni Jumatatu na Jumamosi ikifika nitaumbuka mbele za watu ninaowaheshimu.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na mbili, kazi yangu ni dobi, nina mashine mbili za kufulia na chumba cha nyuma cha kupigia pasi, na katika chumba hicho kila Jumamosi nikishafunga saa nane mchana tunakutana watu watano kufuma. Najua kuna wanaotucheka kwamba ni kazi ya watu wasio na la kufanya, lakini Mama Mkubwa, saa mbili zile ndizo zinazonivusha wiki, tunakaa kwenye viti visivyofanana, nguo za wateja zinaning'inia juu yetu kwenye waya, chumba kina joto la pasi, kila mtu na uzi wake na chai yake, tunasema yetu, tunacheka, mtu akikwama anamsogelea mwenzake na sindano zake anasema hebu nitazamie hapa, na mtu akiwa na msiba au ugomvi nyumbani anakuja nao, anaufuma, anarudi kwake mwepesi.

Aliyetufundisha ni mkunga mstaafu wa miaka sabini na moja, mtaa mzima tunamwita Mkunga tu, hana haja ya jina lingine. Wanangu wawili kawapokea yeye, na wa pili alikuja ametanguliza miguu, Mkunga akashinda na mimi kutwa nzima bila kula, na huyo mtoto leo ananizidi kimo, kwa hiyo unaelewa kwamba mbele ya Mkunga mimi sina mdomo.

Sasa miezi tisa iliyopita, tumemaliza kikao, Mkunga akaniambia, "Mwanangu, kapu langu acha likae hapa kwako, ngazi za kwangu zinanichosha, nitalikuta Jumamosi." Nikalichukua niliweke rafuni, shali lake likaning'inia nje, nikaona tundu. Nikadhani nimeona vibaya, nikalitandaza mezani, na Mama Mkubwa, ilikuwa kama panya kapita na wajukuu zake, vitanzi vimeporomoka mistari kumi chini, upande mmoja umekuwa mpana na mwingine umejikunja, uzi wa bluu umeingiliana na mweusi pasipo na mpango wowote, yaani kazi ya mtu anayejifunza, si ya Mkunga. Nikasema moyoni, kachoka, au alikuwa anatusikiliza sisi badala ya kutazama, basi kwa kuwa nilikuwa na nusu saa ya kungoja mashine imalize, nikaifumua mistari ile, nikaifuma upya, nikarudisha kapu. Nilidhani nimefanya wema.

Jumamosi iliyofuata akaja, akalitoa shali, akalipapasa kwa vidole, akatabasamu, akawaambia wote, "Mnaona? Miaka sabini na moja na mkono haujatetereka. Nyie wa miaka hamsini mna visingizio gani?" Sote tukacheka, na mimi nikacheka, na tangu siku hiyo sijapumzika.

Kila wiki, Mama Mkubwa. Kila wiki anafuma saa mbili, na mimi nachukua saa nne kufumua na kufuma, mchana wakati mashine zinazunguka, kapu lake mapajani na jicho mlangoni asije mtu. Kazi inazidi kuharibika, zamani ilikuwa mistari michache, siku hizi karibu yote. Shati jeupe la mteja nimelichoma na pasi kwa kukimbilia mkono wa sweta analomfumia mjukuu wake. Mume wangu kaniuliza, "Hivi wewe umeajiriwa na Mkunga?" nikamwambia anyamaze, yeye hajui kufuma.

Na laiti angekuwa mpole! Ananikaripia mimi! Sweta langu limelala miezi, muda wote unaishia kwenye kazi yake, nikashika sindano haraka haraka nisionekane mvivu, nikakosea shingo, mwalimu wa chekechea ambaye ndiye mdogo wetu akasema pole pole, "Dada, naona shingo imepinda," basi Mkunga akanyoosha mkono, akalipapasa, akasema mbele ya wote, "Fumua! Kazi gani hii? Nimekufundisha miaka minne, mwanangu, unanitia aibu. Tazama yangu." Akanipa shali nilitazame. Shali nililofuma mimi! Nimekaa pale naambiwa nijifunze kutoka kwangu mwenyewe, nikaitika, "Ndiyo, Mama," nikafumua sweta langu machozi yananilenga.

Si mimi tu ninayeonewa. Fundi Saa, mwanamume pekee kwenye kikao chetu, mtu mtaratibu anayefuma soksi kama anavyotengeneza saa, Mkunga alimpita barabarani mchana kweupe bila salamu, kama mgeni, mpaka leo Fundi amenuna. Mwezi uliopita Mkunga alikuja mkono umefungwa bendeji, kajimwagia maji ya chai, akasema birika lake lina mdomo mbovu. Tukamwambia Mama nunua lingine, akasema atanunua.

Bintiye anafanya kazi mji mwingine, alinipigia simu akaniuliza, "Dada, mama anaonaje siku hizi? Nimesikia kama anapapasa." Nikamwambia mama yako mzima kabisa, nikampigia picha shali nikamtumia, akajibu, "Loo, kama anafuma hivi basi nimetulia."

Sasa wiki mbili zilizopita likaja kubwa. Muuguzi wa wadi ya wazazi, ambaye Mkunga ndiye aliyemfunza kazi, kaomba kikao chetu kiwafumie watoto wachanga kofia sitini mpaka mwisho wa mwezi. Tukafurahi wote. Mkunga akainuka akasema, "Nyie kumi kumi. Mimi peke yangu ishirini." Ishirini! Nikahesabu kichwani, ishirini zake na kumi zangu, thelathini, na mashuka ya hoteli yananingoja.

Na Jumatano iliyopita nikakamatwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, naye ni mwenzetu kwenye kikao, tunamwita Redio kwa sababu hazimwi. Kaja kuchukua mapazia yake, hakubisha hodi, akanikuta na kapu la Mkunga mapajani na kofia yake nimeifumua nusu. Akasimama, akatazama, akaelewa. Akasema, "Wifi! Kumbe ni wewe!" Nikamsihi anyamaze. Akasema, "Ninyamaze? Mimi sweta langu kaliita gunia la mkaa mbele za watu, nikakaa nalia chooni, kumbe lake linafumwa na dobi? Jumamosi hii namtazama tu, ile ijayo nasema mbele ya wote. Na kapu nalishika juu kama ushahidi." Nimempigia magoti, kakataa. Jumamosi iliyopita alikaa anamtazama Mkunga na kuchekacheka peke yake.

Naomba uniambie mambo mawili. La kwanza, nifanye nini kumfunga mdomo huyu wifi yangu? La pili, nimwambie nini Mkunga ili apunguze hizo kofia bila kumvunjia heshima? Mimi kosa langu ni huruma tu, na huruma imenifikisha hapa.

Ni mimi,
Dobi Niliyechoka

*

Barua hii mimi Mama Mkubwa sikuiacha ingoje zamu yake katika safu yangu gazetini. Nilimjibu kwa mkono siku ileile iliponifikia, na jibu lenyewe ni hili.

Mwanangu Dobi,

Pole kwa uchovu. Pole imeishia hapo, sasa nisikilize.

Umeniuliza namna ya kumfunga mdomo wifi na namna ya kupunguza kofia. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nimesimama kama wewe, kwa hasira, na nakwambia hayo mawili sitakujibu kwanza kwa sababu si shida yako. Shida yako umeiandika mwenyewe na hukuiona. Mama wa miaka sabini na moja ameanza kuogopa ngazi. Amempita rafiki yake barabarani mchana kweupe. Amejiunguza na maji ya moto. Anapapasa kila kitu kabla ya kukisifu. Hatofautishi bluu na nyeusi. Mwanangu, hilo birika halina mdomo mbovu. Mama yako huyo haoni!

Na wewe unajua. Usiniambie hujui. Mtu anayeona doa la chai kwenye kola ya shati jeupe hawezi kushindwa kuona jambo hili miezi tisa. Ulijua, ukaogopa kulisema, ukajificha nyuma ya sindano. Ungekaa ukafuma ukanyamaza ningekuita mwoga tu. Lakini bintiye alikupigia simu. Mtoto amehisi jambo akiwa mbali, akakuuliza wewe uliye karibu, na wewe ukamtumia picha ya kazi yako ukamwambia ni ya mama yake. Hiyo umeiita huruma. Mimi naiita kumziba mtoto macho wakati mama yake anapofuka.

Fikiri Mkunga anajisemea nini asubuhi akiona ukungu. Anasema, "Ah, uzee tu, mbona kufuma nafuma vizuri?" Kila Jumamosi unampa cheti kwamba macho yake mazima. Ana haja gani ya daktari? Macho si sweta, mwanangu. Yako magonjwa ya macho yanayotibika ukiwahi, na ukichelewa hakuna wa kukurudishia.

Unasema mbele yake huna mdomo kwa sababu alikupokelea wanao. Hebu nikuulize. Siku ile mtoto alipotanguliza miguu, Mkunga alikuficha? Alikwambia lala tu mambo yako sawa? Au alikutazama usoni akakwambia hali ilivyo na la kufanya? Unajua jibu.

Sasa fanya hivi. Kapu la Jumamosi usiliguse tena, hata kitanzi kimoja. Alhamisi funga kazi mapema, mashuka ya hoteli yatangoja, ulichukue kapu hilo kama lilivyo, na matundu yake, uende nyumbani kwake. Peke yako. Usiende na mume, usiende na Fundi, na usithubutu kungoja Jumamosi. Jambo kama hili mtu mzima haambiwi mbele ya kadamnasi. Kaa naye karibu, mpe kazi yake mikononi, mwongoze kidole kwenye tundu, umwambie, "Mama, hii ndiyo kazi yako. Ile nyingine nilikuwa nafuma mimi. Macho yako yanahitaji daktari." Maneno hayo tu. Usimpake mafuta kwa mgongo wa chupa, usianze na mambo ya uchovu wala ya kofia.

Atakasirika. Huenda akakufukuza. Kubali kufukuzwa. Ukitoka mlangoni kwake, kabla hujafika kwako, mpigie bintiye umwambie ulimdanganya.

Na wifi yako. Mwendee kesho umwambie, "Alhamisi namwambia mwenyewe, nipe mpaka hapo." Redio ana mdomo, naam, lakini katika chumba chenu chote ndiye pekee aliyeona jambo akataka kulisema. Nia yake ni mbaya kidogo. Nia yako ilikuwa nzuri, tazama ilikotufikisha.

Kofia sitini mkishindwa, pelekeni arobaini. Wadi haitafungwa.

Mama Mkubwa

*

Wiki saba baadaye aliniandikia tena, akaniruhusu nichapishe zote mbili. Nimepunguza kidogo tu, alipokuwa ananishukuru.

Mama Mkubwa,

Nilikwenda Alhamisi kama ulivyosema. Wifi nilimwona siku moja kabla, nikatarajia matusi, badala yake akasema, "Wifi, mimi nilidhani mnanicheka nyie wawili. Sikufikiria macho." Akaniahidi hatasema.

Mkunga alinifungulia, akaniuliza, "Nani?" na mimi nimesimama mbele yake hatua moja. Kwa hilo tu nilitaka kulia. Nikaingia, nikakaa naye kwenye kochi, nikampa ile kofia yake ya Jumamosi, nikachukua kidole chake nikakipitisha kwenye tundu. Nikayasema maneno yako. Niliyasema yote.

Aliipapasa kofia yote, huku na huku. Halafu akaniuliza, "Na shali?"

Nikasema, "Nilifuma mimi, Mama."

"Na sweta la mjukuu wangu?"

"Mimi, Mama. Mkono mmoja tu ndio wako."

"Siku nilipokwambia ufumue lako, utazame langu. Ulikuwa unatazama nini?"

"Langu mwenyewe, Mama."

Akasema, "Miezi tisa umenikalisha pale mbele za watu najisifu kama mwehu. Mimi nimewaambia wanawake mambo mazito kuliko haya, nimewaambia wakiwa wanatoka jasho na damu, sikumdanganya hata mmoja. Wewe kilichokushinda ni nini? Hebu toka."

Nikasema, "Mama, naomba..."

"Toka, mwanangu. Toka kabla sijakwambia neno nitakalojutia."

Nikatoka. Nilikaa kwenye ngazi zake, nikapiga simu kwa bintiye palepale kama ulivyoagiza, nikamwambia yote. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Aliniuliza, "Dada, nilikuuliza au sikukuuliza?" Nikamwambia uliniuliza. Akakata simu.

Jumamosi Mkunga hakuja. Jumamosi ya pili hakuja. Tulikaa wanne, kila mtu anafuma kofia ameinamisha kichwa, mwalimu wa chekechea akijaribu kuleta hadithi hakuna anayecheka. Fundi Saa, nilipomweleza kwa nini alipitwa barabarani, aliweka soksi chini akasema, "Na mimi nimenuna miezi mitatu. Mtu anayeshinda na lenzi jichoni, nikanuna." Akavaa kofia yake akaondoka mapema.

Nilitegemea kwamba Mkunga akikubali kwenda hospitali ataniita mimi, maana ndiye niliye karibu, na nilikuwa nimejiandaa, nimemwomba hata mume wangu anishikie kazi. Hakuniita. Unajua alimwita nani? Redio! Alimpigia wifi yangu simu akamwambia, "Wewe una mdomo mchafu na nyuzi zako zinachafua macho, lakini ukiona kitu unasema. Nipeleke kwa daktari wa macho, na akiniambia jambo nikajifanya sikusikia, uniambie tena." Wifi akaja kunieleza mwenyewe, hakuringa hata kidogo, alikuwa karibu kulia. Mama Mkubwa, nilifurahi na nikaumia kwa wakati mmoja, sijui kama hilo linawezekana.

Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. Mkunga akamwambia daktari, "Nimepokea watoto sijui mia ngapi, huyu naye katokea wapi bila taarifa?" Walimfanyia upasuaji, jicho hilo sasa linaona, anasoma hadi maandishi ya kwenye makopo. Lakini la kulia lilikuwa na presha. Daktari kauliza lilianza lini, Mkunga akasema mwaka mmoja hivi, daktari akasema uono uliokwisha kupotea jicho hilo hautarudi, kilichobaki atakilinda kwa dawa ya matone mpaka mwisho wa maisha yake. Wifi akauliza, "Na angekuja mapema?" Daktari akasema angekuja mapema kingebaki kingi zaidi. Wifi hakunificha. Nilimwambia asinifiche.

Kofia tulipeleka arobaini na moja, muuguzi akazipokea kwa vigelegele, akasema nyingine zije polepole, watoto hawaishi kuzaliwa.

Jumamosi iliyopita tumekaa, mlango ukasukumwa, Mkunga kaingia na bintiye kamshika mkono. Sote tukasimama. Kapu lake kaja nalo mwenyewe. Akamsalimia Fundi wa kwanza, kwa jina lake kamili, kutoka mlangoni, Fundi akajibu huku anafuta miwani. Mimi nikamvutia kiti kile alichozoea kukaa pembeni yangu. Akakipita, akakaa karibu na wifi. Bintiye aliniitikia salamu kwa heshima, basi.

Alifuma saa mbili zote, taratibu, kazi kaileta karibu na jicho la kushoto. Hakumkaripia mtu. Mwisho akamaliza kofia moja, ya kwanza ya mkono wake tangu sijui lini, akaiweka mezani kwenye fungu la wadi. Ukingo wake ulikuwa umelegea upande mmoja na vitanzi viwili vimekosewa. Mkono wangu ukaenda wenyewe, naapa sikuutuma, nikaishika niiweke sawa.

Akasema, bila kugeuka, "Iache."

Nikaiacha. Walipoondoka nikaikunja na zile nyingine kama ilivyo.

Sasa swali langu ni moja tu. Haniiti tena mwanangu. Ananiita Dobi, kama wateja. Atanisamehe lini?

*

Dobi,

Sijui. Na usimuulize.

Umefanya niliyokwambia, yote, na mengine yalikuuma, nimeyaona. Siwezi kukupa zaidi ya hapo. Jicho la mtu limekwenda na lako lipo, kwa hiyo usiniletee haraka. Ulichukua miezi tisa kumdanganya, halafu unataka wiki saba zitoshe kusamehewa? Kuna mambo mtu anasamehe na kuna mambo anajifunza kuishi nayo, na uchaguzi ni wake. Usimfuate na zawadi. Usimfulie bure. Usimtume wifi akakuombee.

Lakini fikiri kidogo. Yuko na binti aliyekuja kutoka mbali kumtazama. Ana sebule yake, ana kochi lake, jicho linasoma makopo. Hakuna aliyemlazimisha kushuka ngazi zake kuja kwenye chumba chako cha pasi. Amekuja, amekaa, amekuambia uache na ukaacha.

Jumamosi panga viti, chemsha chai, shika sweta lako mwenyewe ambalo nina hakika bado halina shingo. Kaa unyamaze. Akikuuliza jambo, hata liwe dogo kama uzi huu ni wa rangi gani, mwambie ni wa rangi gani.

Mama Mkubwa